Kutambuana kwa vibali vya kujitolea na watoto, ni kitu gani hasa?

Ukitaja kutambuana kwa vibali wengine wanaruka juu, wanadhani ni njia ya kulegeza masharti ili kila anayejisikia kuongoza skauti au kufundisha watoto mpira aingie tu. Siyo hivyo. Maana yake ni kwamba mtu mzima akishapekuliwa vizuri sehemu moja, sehemu nyingine inaukubali ule upekuzi badala ya kumrudisha nyuma ya foleni kama mtu asiyejulikana.

Nchi nyingi siku hizi huwezi kukaa na watoto wa watu bila kupekuliwa kwanza, yaani rekodi za polisi, wadhamini wa kukusemea, kwingine mpaka alama za vidole, na hapo sina ubishi. Shida ni kwamba kibali chenyewe mara nyingi kimefungwa kwenye jimbo au kwenye chama kilichokuombea, hakimfuati mtu, kwa hiyo ukihama au ukitaka kusaidia vyama viwili unajaza fomu zilezile, unasubiri tena, na watu wanaojitolea ndo hapo wanapokata tamaa kwa sababu hakuna mshahara wa kuwavuta warudi.

Chukua Australia. Kule kila jimbo lina mfumo wake, New South Wales na Victoria kibali kinadumu miaka 5, Queensland wana kadi yao ya bluu ya miaka 3. Sasa kuna miji miwili inaitwa Albury na Wodonga, inatazamana, mto Murray uko katikati, mmoja uko New South Wales na mwenzake Victoria. Unakaa ng'ambo hii, kundi unalotaka kusaidia liko ng'ambo ile, ni kuvuka daraja tu. Kwa kambi ya siku chache sheria zina msamaha kwa mgeni mwenye kibali cha kwao, ila ukitaka kuwa kiongozi wa kila wiki mwaka mzima msamaha hautoshi, unatafuta kibali cha pili. Kwa wanaojitolea hivyo vibali vya majimbo hayo matatu ni bure, lakini muda wa mtu nao si bure.

Uingereza walichukua njia nyingine kwa upande wa England na Wales. Idara inayopekua watu, DBS, mwaka 2013 ilianzisha huduma ya kusasisha cheti kwenye mtandao, unajisajili, halafu chama kipya kikiomba ruhusa yako kinaangalia chenyewe kama kuna lolote limebadilika tangu cheti kitoke. Anayejitolea halipi kitu. Ila lazima kiwe cheti cha kiwango kilekile na cha kundi lilelile, huwezi kupekuliwa kwa kazi ya wazee ukatumia kwa watoto. Na ukivuka kwenda Scotland unakuta mfumo wao wa upekuzi mwingine kabisa, unaitwa PVG.

Mimi naona kuna kitu kinachotakiwa kusafiri haraka kuliko kibali, nacho ni katazo, yaani taarifa kwamba mtu fulani haruhusiwi kukaa na watoto. Mwaka 2002 wasichana wawili wa Soham, mji mdogo wa England, waliuawa na mtunza majengo wa shule, ikaja kugundulika kwamba polisi wa Humberside, alikokaa zamani, walishapokea tuhuma juu yake na taarifa hazikufika huko alikohamia. Ripoti ya uchunguzi ikatoka 2004, na sheria ya orodha ya waliopigwa marufuku ikafuata 2006. Leo ukipigwa marufuku Scotland, England nako marufuku. Australia tume ya taifa iliyochunguza unyanyasaji wa watoto ilishauri mambo haya tangu 2015, lakini mawaziri wa sheria walikuja kukubaliana Agosti 2025 kwamba aliyekataliwa jimbo moja akataliwe yote, miaka 10 jamani!

Na hata kibali kikitambulika kote, kinasema tu yale ambayo tayari yako kwenye rekodi. Aliyefanya ubaya asishitakiwe anaweza kuwa na cheti kisafi kabisa. Ndo maana chama kinachojielewa bado kitapiga simu kule ulikotoka, kitakupa mafunzo yake, na hakitakuacha peke yako na mtoto chumbani, wanataka watu wazima wawili muda wote. Hayo usiyaone ni usumbufu, hayahusiani na kibali.

Kwa hiyo ukiwa unahama, uliza mapema kama kibali chako kinatambulika unakoenda, na kama kinahitaji kusajiliwa mahali. Hiyo huduma ya DBS kwa mfano inakupa siku 30 tangu tarehe iliyo kwenye cheti, zikipita hujajisajili unaomba cheti kingine upya.