Antena za bendi za chini hapa Uganda: amua kwanza unataka kuongea na nani

Watu wengi wanaokuja kwenye kitengo chetu kuulizia redio ya ridhaa, yaani ya watu binafsi wanaoongea hewani kwa kupenda na si kwa biashara, wanaanza na swali moja, ninunue redio gani na iwe na wati ngapi, na sisi kila mara tunawarudishia lingine: unataka kuongea na nani? Maana kwenye bendi za chini, yaani mita 160, mita 80 na mita 40 (huo ni urefu wa wimbi), redio yoyote ya wati 100 inatosha kabisa, kinachoamua kama utasikika Gulu au utasikika Helsinki ni ule waya uliotundika nje, uko juu kiasi gani, umelala ama umesimama. Antena inayofaa Gulu haifai Helsinki. Mtu akishaelewa hilo pesa nyingi inabaki mfukoni.

Tuanze na vile mawimbi yanasafiri. Juu yetu, kuanzia kilomita 60 hivi kwenda juu mamia ya kilomita, hewa imekuwa nyembamba sana na jua linaichaji umeme, hiyo ndiyo ionosfea, na ina matabaka. La chini kabisa linaitwa D, liko kati ya kilomita 60 na 90, na ndilo linalotusumbua mchana sababu haliyarudishi mawimbi yetu, linayameza tu, na ukishusha masafa (frikwensi, zile megahezi) kwa nusu kumeza kunapanda karibu mara nne. Ndo maana saa saba mchana mita 160 imekufa, mita 80 inafika karibu tu, wakati mita 40 inapita vizuri ndani ya nchi. Jua likizama tabaka D linapotea haraka, ila tabaka F la huko juu linabaki usiku kucha, basi mawimbi yanapanda bila kumezwa, yanagonga F yanarudi chini, yanagonga ardhi yanapanda tena, mpaka Ulaya, mpaka Japani.

Sasa hapo kuna kitu watu wanakiruka: pembe. Wimbi likiondoka kwenye antena yako limeenda juu moja kwa moja litarudi karibu na nyumbani, likiondoka chini chini karibu na upeo wa macho litatua mbali sana. Na pembe hiyo huichagui kwa kitufe cha redio, inachaguliwa na antena.

Chukua daipoli, antena rahisi kuliko zote, waya wa mikono miwili unaounganishwa na kebo katikati. Gawanya 143 kwa megahezi unazotaka unapata urefu wa waya wote kwa mita, kwa hiyo 7.1 (bendi ya mita 40) inakupa mita 20, kila mkono mita 10, na 3.65 (bendi ya mita 80) inakupa mita 39. Waya wa kuwekea umeme wa nyumba unafaa sana, ila ule wenye plastiki unataka kufupishwa kidogo, kwa hiyo kata mrefu alafu punguza polepole huku unaangalia mita ya SWR, kifaa kinachoonyesha kama antena inaendana na redio. Kebo ya koaksi ya oms 50 ni nzuri, lakini hata ile ya oms 75 ya madishi ya TV, ambayo iko kila duka mpaka Kitgum, inafanya kazi bila shida kwa wati 100. Tundika katikati kwenye mkaratusi au mwanzi mrefu kama mita 10, ncha zishuke pande mbili, zisifikiwe na watoto wala ng'ombe maana kwenye ncha ndiko kuna volti nyingi.

Hiyo antena kwa mita 10 juu ni robo ya wimbi kwa bendi ya mita 40 na moja ya nane tu kwa mita 80, na waya uliolala chini hivyo unarusha karibu kila kitu juu. Wengine wanaona hiyo ni hasara. Kwetu ni dhahabu, sababu F inarudisha hayo mawimbi yanatua kila upande kama mwanga wa tochi ukiumulika kwenye dari, chumba kizima kinaona, hakuna kona iliyofichwa. Bundibugyo nyuma ya Rwenzori, Kisoro kwenye mabonde ya volkano, Bududa kwenye miteremko ya Elgon, huko redio za VHF, zile za mawimbi mafupi yanayokwenda moja kwa moja, zinagonga mlima zinaishia hapo, lakini wimbi linalotoka juu kichwani mlima hauwezi kulizuia. Mchana tumia mita 40, usiku shuka mita 80, na hasa saa kumi, saa kumi na moja alfajiri, wakati ionosfea imepungua nguvu kuliko saa zote, 7 MHz iliyorushwa juu inaweza kupenya ikaenda zake angani isirudi, hapo 3.5 ndiyo inakuokoa.

Na hapa naongea kwa moyo wote, kwa nchi ambayo Bududa ilifunikwa na maporomoko Machi 2010 na Kasese ikasombwa na mto Nyamwamba Mei 2020, kuwa na watu wilayani wanaojua kuongea na Kampala bila mnara wa simu, bila intaneti, kwa waya mita 20 na betri ya gari, ni jambo la maisha na kifo. Tungependa kila wilaya ya mlimani iwe na watu kama hao, tena vijana, walimu wa fizikia, watu wa vituo vya afya. Leseni inatolewa na UCC, Tume ya Mawasiliano ya Uganda, kolsaini zetu, yaani majina ya kujitambulisha hewani, zinaanza na 5X, na kusikiliza unaweza kuanza kujifunza ukiwa bado unangoja karatasi.

Haya, wewe unataka Helsinki. Kwa mbali unahitaji pembe ya chini, na daipoli ya mita 80 ili irushe chini vizuri inatakiwa iwe juu angalau nusu wimbi, yaani mita 40, mnara huo nani anao? Kwa hiyo watu wanasimamisha waya. Antena ya wima ya robo wimbi ni mita 10 kwa bendi ya mita 40, mita 20 kwa mita 80, na kama mti wako una mita 12 tu pandisha hizo 12 alafu zilizobaki zilaze pembeni, inakubali. Shida ya wima ni kwamba nusu nyingine ya antena ni ardhi, na ardhi yetu nyingi, hiyo marramu nyekundu, inapitisha umeme vibaya hasa kiangazi ikikauka. Ukichomeka fimbo moja ya shaba ukadhani umemaliza, nguvu yako nyingi inakuwa inapasha udongo moto. Tandaza waya chini kuzunguka antena, na ujue kwamba waya 16 za mita 10 zinakufaa kuliko waya nne za mita 40, ingawa shaba ni ile ile. Waya nyembamba zinatosha, zilaze tu kwenye nyasi, msimu mmoja nyasi zinazifunika hazionekani.

Kuna imani moja inabidi tuiseme wazi, kwamba mtu aliye Entebbe au visiwa vya Ssese ana bahati sababu yuko majini, vile wenzetu wa Mombasa na Zanzibar wanavyofaidi bahari. Hapana. Kinachosaidia Mombasa ni chumvi. Maji ya bahari yanapitisha umeme mamia ya mara kuliko maji yasiyo na chumvi ya Ziwa Nyanza (Victoria), kwa mawimbi ya redio ziwa letu ni kama shamba zuri lenye unyevu, si zaidi. Kwa hiyo ukiwa Ssese bado utandaze waya zako kama mtu wa Masindi.

Ila kusema kweli kutuma siyo kazi ngumu hapa kwetu. Kazi ngumu ni kusikia. Eneo la Ziwa Nyanza ni moja ya sehemu zenye radi nyingi duniani, na kila mmweko wa radi ni transmita kubwa inayopiga kelele kwenye bendi za chini, tena kelele hizo zinasafiri kwa ionosfea ile ile, unasikia mvua ya Kongo uko Jinja na anga lako ni safi kabisa. Mtu wa Finland mwenye wati 100 anakuita, wewe unasikia mikwaruzo tu, unadhani bendi imefungwa kumbe anakusikia vizuri na anashangaa mbona hujibu. Kuongeza nguvu toka wati 100 hadi 400 kunampa yeye nukta moja tu ya S (kipimo cha nguvu ya mawimbi kwenye redio), na wewe kunakupa sifuri. Kwa hiyo kama una pesa ya kuongeza, iweke kwenye antena ya kusikilizia.

Ya zamani na bora kabisa ni ile ya Harold Beverage, Mmarekani, waya mrefu uliolazwa chini chini, mita mbili hivi juu ya ardhi, urefu mita 150 na zaidi, mwisho wake umefungwa kwenye rezista ya oms 450 kwenda ardhini. Desemba 1921 Paul Godley alitandaza waya wa namna hiyo Ardrossan, Scotland, akasikia watu wa ridhaa wa Marekani kuvuka Atlantiki kwa masafa ambayo wakubwa wa enzi hizo waliona hayana maana. Inasikia upande mmoja, ule wa mwisho wenye rezista, kelele za pande zingine inaziacha. Na hapa marramu yetu inageuka kuwa rafiki, sababu antena hii inafanya kazi vizuri zaidi juu ya ardhi mbovu. Mwenye shamba aelekeze waya kaskazini-magharibi, mstari huo mmoja unakupa Ulaya na pwani ya mashariki ya Marekani pamoja, wakati mvua nyingi za Kongo na za ziwa zinabaki pembeni au mgongoni. Asiye na shamba, na wengi wa Kampala hawana, atengeneze kitanzi cha waya cha mita moja ambacho anaweza kukizungusha kwa mkono, kinaziba kelele ya upande mmoja.

Na kelele nyingine iko ndani ya nyumba yako, wala usimlaumu jirani kwanza. Taa za LED za bei nafuu, chaja za simu, inveta, ile kontrola ya sola inayolia mchana kutwa. Washa redio ndogo ya betri, zima swichi kuu ya nyumba, alafu washa kimoja kimoja usikilize ni kipi kinaongeza mvumo, jioni moja inatosha kumjua mwizi.

Kuhusu radi yenyewe hatubembelezi mtu. Juni 2011 radi iliua watoto 18 wa Shule ya Msingi Runyanya kule Kiryandongo, wakiwa shuleni. Waya wa shaba uliopanda juu ya mti ukaingia dirishani mpaka mezani kwako si kitu cha kuacha hivyo hivyo. Ukimaliza kuongea chomoa kebo, itoe nje ya dirisha kabisa, kuzima redio peke yake hakusaidii, na ukisikia muungurumo hata wa mbali acha, usiende nje kuchomoa mawingu yakiwa yameshafika. Na kamwe usivushe waya juu au karibu na laini ya umeme.

Sasa majira. Kusini mwa nchi mvua ni Machi mpaka Mei na Septemba mpaka Novemba, na miezi hiyo ya Machi na Septemba, jioni baada ya jua kuzama, ionosfea ya ikweta inavurugika, inatoa kama mapovu na sauti zinatetemeka, watafiti wa Makerere na Mbarara wamekuwa wakipima mambo haya kwa risiva za GPS kwa miaka. Miezi mizuri ni Desemba, Januari na Februari, kwetu mvua zimepungua, huko kaskazini ni baridi, usiku ni mrefu na radi zao hakuna, watu wamekaa ndani kwenye redio. Na tangu jua lifike kilele cha mzunguko wake wa madoa mwaka 2024, kadiri linavyotulia miaka inayokuja bendi hizi zinazidi kuwa nzuri.

Tena kuna zawadi moja ya Desemba. Karibu na Krismasi jua linazama Kampala saa kumi na mbili na dakika hamsini jioni, na dakika hiyo hiyo linazama London, kwao ikiwa saa kumi kasoro. Njia nzima inaingia kwenye mstari wa giza pamoja, tabaka D linafifia pande zote mbili wakati F bado ina nguvu, na kwa muda mfupi sauti zinapanda. Uwe umekaa kwenye 7 MHz kuanzia saa kumi na mbili na nusu, giza likiingia shuka 3.5. Marekani ya mashariki subiri saa sita na nusu usiku jua lao likizama, na njia inabaki wazi mpaka letu linachomoza saa moja kasoro robo, nusu saa ya mwisho hiyo ndiyo ya kutolala.