Ardhi iliyoganda ya Aktiki haikwanguliwi ovyo

Kuna ujumbe wa siku nyingi unaorudi kila mara kwenye magrupu ya WhatsApp: eti kule Aktiki, eneo la baridi kali kwenye ncha ya kaskazini ya dunia, ardhi imeganda milele, ngumu kama zege, kwa hiyo kampuni za mafuta hukwangua tu mimea na kujenga juu yake. Si kweli.

Chini huko ardhi hubaki kwenye nyuzi 0 za Selsiasi au pungufu mwaka hadi mwaka, lakini tabaka la juu huyeyuka kila kiangazi. Mimea na mboji ndiyo blanketi lake. Ukiikwangua, joto la juu linapenya hadi chini, barafu iliyomo udongoni inayeyuka, ardhi inatitia. Maji yakituama hapo yanazidi kuipasha moto. Ndiyo maana Prudhoe Bay, eneo la visima vya mafuta huko Alaska, Marekani, mitambo hukaa juu ya tuta nene la changarawe lililomwagwa juu ya mimea yenyewe.

Unaweza kuhakiki mwenyewe. Tafuta picha za bomba la mafuta la Alaska, lililoanza kazi 1977. Zaidi ya nusu ya kilomita zake 1,300 hivi limeinuliwa kwa nguzo, na juu ya nguzo nyingi utaona mapezi ya alumini: huliondoa joto ardhini na kulipeleka hewani wakati wa baridi.

Wengi huchanganywa na video za malori yakipita juu ya barafu. Hizo ni za majira ya baridi. Kiangazi, gari zito likikatiza tundra, yaani nyanda za Aktiki zisizo na miti, alama zake zaweza kudumu miongo.

Tafadhali usiusambaze ujumbe huo. Aliyekutumia, mrudishie picha ya zile nguzo.