Sili Mchanga Hapewi Maziwa ya Ng'ombe

Wengi wetu tukisikia "sili" tunawaza nguva. Nguva hula majani ya baharini. Sili ni mnyama mwingine wa baharini, mla samaki, na wengi wao wako kwenye bahari za baridi. Vituo vinavyowauguza viko hukohuko, mfano kile alichokianzisha Lenie 't Hart kijijini Pieterburen, Uholanzi, mwaka 1971. Haya ndiyo watu husema wakimkuta sili mchanga, na majibu yake.

"Yuko peke yake ufukweni, analia. Katupwa."

Huenda mama yuko majini anawinda. Wakati mwingine ameshaondoka kwa kawaida yake, kwani sili wa kijivu hunyonyesha wiki tatu tu hivi. Ndiyo maana waokoaji humtazama kwanza kwa mbali. Machozi nayo yasikudanganye: sili hana mirija ya kuyapeleka puani, kwa hiyo humtiririka usoni hata akiwa ameshiba. Na usimsukume majini. Manyoya meupe ya kitoto cha sili wa kijivu hulowa, akapigwa na baridi.

"Basi apewe maziwa."

Hapa ndipo huruma inapoua. Maziwa ya ng'ombe yana mafuta kama asilimia 4. Ya sili wa kijivu hufikia hata 60, na sukari ya maziwa karibu haimo. Kwa maziwa hayo mtoto huongezeka kilo 2 hivi kwa siku. Mpe ya ng'ombe uone anavyoharisha, naye kaletwa tayari kakaukiwa maji. Kituoni huanzishiwa maji yenye chumvi maalumu kwa mpira unaoshuka hadi tumboni, halafu uji wa heringi (samaki wa bahari za baridi) waliosagwa. Akipata nguvu hupewa samaki mzima, kichwa kikitangulia ili magamba na mapezi yasimkwaruze koo. Mwanzoni hata hajui kuwa hicho ni chakula. Mlishaji humpanua mdomo na kumsukumia samaki nyuma ya ulimi.

"Samaki wa barafu ni duni."

Kugandisha huua minyoo, na hiyo ni faida. Hasara ni kwamba heringi aliyehifadhiwa hupoteza vitamini B1, hivyo kidonge chake hufichwa kwenye matamvua ya samaki. Maji ya kunywa? Mengi huyapata ndani ya samaki.

"Abembelezwe, apone haraka."

Abembelezwe na nani? Meno ya sili hubeba bakteria wanaovimbisha kidole cha mtu kwa maumivu makali, na penisilini haiwawezi. Hutakiwa dawa za jamii ya tetrasaiklini. Isitoshe, sili aliyezoea watu atawafuata ufukweni. Kwa hiyo walishaji wazuri huongea kidogo, hutimiza kazi na kuondoka. Mwishoni samaki hurushwa tu bwawani, sili wakagombania. Asiyeambulia kitu hubaki kwanza.