Vidonge vya siku zisizo na kazi

Mimi ni daktari wa afya kazini hapa Lubumbashi. Wengi wanaokuja kwangu ni wanaume waliopita miaka hamsini, wenye shinikizo la damu na usingizi wa kukatikakatika. Nawauliza habari za vumbi, kelele na mizigo, kama inavyopaswa. Kisha nauliza: "Papa, kesho asubuhi nani anakungoja?"

Swali hilo linatokana na historia ya mji wetu. Tangu Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, ianzishwe mwaka 1906 hadi enzi ya Gécamines, shirika la serikali lililoirithi, kampuni haikutoa mshahara peke yake. Ilitoa nyumba, posho ya unga, shule ya watoto na matibabu. Kijana aliyeingia karakana alijua ataamka saa ngapi na jirani zake watamwita nani. Mwaka 2003 ukaanza mpango wa kuondoka kazini kwa hiari, uliogharimiwa na Benki ya Dunia, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka, wengi wao wakiwa wamekaa miezi mingi bila malipo. Njaa iliyofuata kila mtu aliiona. Kilichozungumzwa kidogo ni mwili wa mtu ambaye siku nzima ni yake na hana pa kuipeleka.

Huko Austria, jambo hili lilichunguzwa zamani. Kiwanda cha nguo cha kijiji cha Marienthal kilipofungwa, kuanzia 1929, karibu kijiji kizima kilikosa kazi. Kundi la watafiti, miongoni mwao Marie Jahoda, lilikwenda kuwaangalia watu hao kwa karibu. Ungetarajia mtu mwenye muda mwingi asome zaidi, lakini vitabu vilivyoazimwa maktaba vilipungua karibu nusu, ingawa ada ilikuwa imeondolewa. Watafiti walipima hata mwendo wa watu barabarani: wanaume walijikokota, wakasimamasimama njiani, na wengi hawakuvaa saa tena. Wanawake walitembea upesi kuliko wao. Umaskini uliwakuta wote, lakini wanawake bado walikuwa na watoto wa kulisha na nguo za kushona viraka, kwa hiyo siku yao ilibaki na mwanzo na mwisho. Hapo ndipo ninaposimama: kinacholinda afya katika kazi si fedha tu, na kazi yenyewe si lazima iwe ajira.

Takwimu za baadaye zinaelekea huko huko. Katika eneo la Ohsaki, Japani, watu zaidi ya 43,000 wa miaka 40 hadi 79 waliulizwa kama wana kitu kinachowapa sababu ya kuishi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: katika miaka saba ya kufuatiliwa, hatari ya kufa kwa waliosema hawana ilizidi ya wenzao kwa karibu asilimia 50. Tofauti ilionekana kwenye maradhi ya moyo na mishipa, haikuonekana kwenye saratani. Ni kweli mgonjwa anaweza kupoteza hamu ya maisha kwa sababu tayari anaumwa, na watafiti walijitahidi kuliondoa hilo katika hesabu zao. Haliondoki lote.

Njia mojawapo ya uhusiano huu niliishika mkononi. Fundi mitambo mstaafu wa Katuba, mtaa wa hapa mjini, aliniletea pakiti yake ya vidonge vya presha. Nyuma yake alikuwa ameandika siku kwa kalamu. Vidonge vya Jumatatu hadi Ijumaa vilikuwa vimetobolewa; vya Jumamosi na Jumapili vimebaki, wiki baada ya wiki. Siku za kazi huenda kwa shemeji yake kutengeneza mashine za kusaga mahindi na kuwafundisha vijana kushika tupa. Huamka, hunawa, hunywa dawa, hutoka. Siku za mapumziko hulala hadi jua limepanda, na dawa haina saa yake. Sikumpa dawa nyingine. Tulitafuta cha kumwamsha Jumamosi, akachagua bustani ya mboga ya mke wake, na presha ikaanza kushuka.

Nisieleweke vibaya. Kusudi halichukui nafasi ya dawa, na halimkingi mtu na uchovu. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitangaza mwaka 2021 kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunaongeza hatari ya kiharusi kwa asilimia 35, ukilinganisha na saa 35 hadi 40. Muuguzi anayeipenda kazi yake naye ana mishipa ya damu. Huniuma sana nikisikia wauguzi na walimu wetu wakiambiwa kazi yao ni wito, kana kwamba wito unalipa kodi ya nyumba. Mshahara uliocheleweshwa nao ni ugonjwa.

Kwa madaktari wenzangu wa makampuni nina ombi moja. Mfanyakazi anapokaribia kustaafu, tusimpime mapafu na masikio tu. Mwaka mzima kabla hajaondoka, tumwite pamoja na mke wake, tuzungumze Jumatatu ya kwanza atakwenda wapi, saa ngapi, na kwa nani. Na jibu tuliandike kwenye faili lake, pamoja na presha.