Kusikia Rangi: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Sinestesia na Uchoraji

Sinestesia ni hali ambayo mlango mmoja wa fahamu ukiguswa, mwingine huitika bila kualikwa: mtu husikia sauti akaona rangi, au husoma tarakimu iliyochapwa kwa wino mweusi huku akiijua kuwa ya kijani. Mimi ninaishi nayo na ninachora michoro dhahania hapa Kisumu, na wanaofika kuitazama kazi yangu huja na dhana ambazo kwa sehemu kubwa hazina msingi.

Iliyo nzito kuliko zote ni kwamba huu ni ugonjwa wa akili. Wapo hata wanaotaja mapepo na kushauri maombi. Ukweli ni kwamba sinestesia haimo katika orodha za magonjwa ya akili wanazotumia madaktari. Georg Sachs, daktari Mjerumani, aliieleza mwaka 1812 katika tasnifu iliyomhusu yeye mwenyewe, na utafiti wa Julia Simner na wenzake nchini Uingereza, uliochapishwa mwaka 2006, ulikadiria kwamba takribani watu 4 katika kila 100 wana aina yake mojawapo. Mwenye hali hii anajua vyema kwamba rangi anayoiona haipo ukutani. Ila rangi zikianza ghafla ukubwani, hasa baada ya mtu kuumia kichwa, huyo amwone daktari.

Wengine hudai kwamba ni hadithi ya msanii anayetafuta soko. Watafiti wana njia ya kupima: mtu hutaja rangi ya kila herufi, kisha baada ya wiki au miezi huulizwa tena bila kuarifiwa mapema, na mwenye sinestesia hurudia majibu yake kwa usahihi ambao ni vigumu kwa anayebuni kuufikia. Ni kweli kwamba mazingira huchangia. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walieleza habari za watu 11 ambao rangi za herufi zao zilifanana na za herufi za sumaku za kuchezea watoto. Lakini kuzipata rangi hizo utotoni hakumpi mtu uwezo wa kuzizima leo. Wala kwa kawaida hazilingani baina ya watu, hata katika familia moja.

Dhana inayonihusu zaidi ni kwamba mchoraji wa namna yangu hunakili tu anachokiona, kana kwamba kazi imekwisha kabla ya brashi kuloweshwa. Chukua nyatiti, ala ya Waluo ninayoichora: ina nyuzi nane, na mpigaji huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, akiigonga kwenye ubao wa ala. Kwangu nyuzi huleta mistari ya buluu inayopita, na pete huleta vidoa vyeupe vinavyotoweka kabla sijavihesabu. Kanvasi haisogei. Isitoshe, rangi ninazoziona zina tabia ya mwanga, ambao ukichanganywa hung'aa zaidi, ilhali rangi za akriliki zikichanganywa hufifia na kuelekea tope, kwa hiyo hulazimika kusubiri kila tabaka likauke ndipo niweke jingine.

Wassily Kandinsky, mchoraji Mrusi ambaye wasomi hawajaafikiana kama kweli alikuwa na sinestesia, alihudhuria tamasha la muziki wa mtunzi Schoenberg mjini Munich mnamo Januari 1911, akaanza kwa michoro ya awali kabla ya kufikia ule wa rangi za mafuta, wenye uwanja mpana wa manjano na umbo jeusi la piano. Piano ile ilikuwapo ukumbini mbele ya macho ya kila mtu, na bado aliamua ichukue nafasi kiasi gani. Hisia huja yenyewe. Mpangilio hauji wenyewe. Katika mchoro wangu mmoja wa nyatiti kuna kahawia nzito ambayo sijawahi kuiona nikisikiliza ala hiyo; niliiweka kwa sababu buluu, bila kitu cha kuikabili, ilikuwa imepooza.