Mionzi ya roboti kwa saratani ya tezi dume: yanayosemwa na ukweli wake

"Roboti inampasua mgonjwa." Hapasuliwi wala halazwi kwa nusukaputi. Mkono wa roboti umebeba mashine ndogo ya mionzi inayomzunguka mgonjwa ikipiga miale myembamba kutoka pembe nyingi. Mwale mmoja una nguvu kidogo. Dozi hutimia pale miale yote inapokutana, ndani ya tezi.

"Mashine inajua kila kitu, mgonjwa hana kazi." Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kwanza daktari huingiza punje 3 au 4 za dhahabu ndani ya tezi kwa sindano, akiongozwa na ultrasaundi. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aseme mapema. Husubiriwa takriban wiki moja uvimbe utulie, ndipo ipigwe CT-skani, mara nyingi pamoja na MRI, na wataalamu wapange dozi. Wakati wa tiba mashine hupiga picha za eksirei mara kwa mara, huzitafuta zile punje na kurekebisha mwelekeo.

Lakini roboti haiwezi kutoa gesi tumboni. Utumbo uliojaa huisukuma tezi, na ukuta wake huingia kwenye dozi kubwa. Hapo tiba husimamishwa hadi mgonjwa aende chooni. Kwa hiyo siku chache kabla apunguze maharage, kabichi na soda, ahakikishe anapata choo, na anywe maji kiasi kilekile alichoelekezwa siku ya CT-skani. Kibofu kikiwa kitupu, sehemu yake kubwa zaidi huingia kwenye mionzi.

"Mionzi ya mara tano tu, kama inavyotolewa hapa, haiwezi kutosha." Utafiti wa PACE-B, uliochapishwa mwaka 2024, uliwahusu wanaume 874 ambao saratani yao haikuwa imetoka nje ya tezi. Kundi moja lilipewa Gy 36.25 (Gy ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwa mara 5, jingine mionzi ya kawaida ya mara 20 au 39. Baada ya miaka 5, asilimia 95.8 ya kundi la kwanza hawakuwa na dalili za ugonjwa kurudi, dhidi ya 94.6 ya kundi la pili.

"Bila roboti hakuna tiba ya maana." Wengi katika utafiti huo walitibiwa kwa linaki, yaani mashine za kawaida za mionzi, si za roboti. Mkazi wa Dodoma anayeifuata roboti Nairobi, ambako hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta inayo tangu 2023, aulize kwanza hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam: je, mnatoa mionzi ya mara tano kwa tezi dume, na mnaifuatiliaje tezi isisogee? Na mara tano si siku tano mfululizo. Kwa kawaida hutolewa siku moja, inarukwa moja, hivyo pamoja na punje na mipango mtu ajiandae kwa wiki tatu au nne za malazi, au, akitibiwa Dar es Salaam, arudi nyumbani kwa SGR katikati.

"Inamfaa kila mwenye saratani hiyo." Hapana. Mzee anayetoka Kondoa au Mpwapwa na maumivu ya mgongo, kumbe ugonjwa umefika mifupani, huanza na tiba ya homoni. Mwenye ugonjwa mpole huenda akafuatiliwa tu. Anayekojoa kwa shida sana atibiwe hilo kwanza, kwani mionzi huvimbisha tezi na mkojo unaweza kuziba kabisa. Kipimo cha damu cha PSA na kuchukua kinyama cha tezi kwa uchunguzi vinaweza kufanyika hapahapa Dodoma, kwa mfano hospitali ya Benjamin Mkapa.

"Mgonjwa atawadhuru wajukuu kwa mionzi." Mionzi hii huisha mashine ikizimwa. Abebe wajukuu.

"Nguvu za kiume huisha palepale." Zikipungua, hupungua polepole kwa miezi na miaka, na si kwa kila mtu.

"PSA isiposhuka haraka, tiba imeshindwa." Huchukua miezi mingi, hata zaidi ya miaka miwili, na inaweza kupanda kidogo kisha ikashuka. Madaktari huanza kushuku ugonjwa umerudi ikipanda kwa 2 ng/ml au zaidi juu ya kiwango cha chini kabisa ilichofikia. Ipimwe maabara ileile, na majibu yote yatunzwe.