Wimbo wa Ramadhani una saa yake

Nikiletewa wimbo wa Ramadhani wa lugha nisiyoijua, swali langu la kwanza huwa: unaimbwa saa ngapi? Nafundisha kaswida, na nimeona saa ndiyo inayouumba wimbo.

Chukua daku. Kwetu pwani wapiga daku hupita vichochoroni na ngoma na madebe wakiimba Kiswahili chenye utani, maana wanamwita mtu aliyelala ainuke ale. Wayoruba wa Nigeria wana were, muziki wa vijana waliozunguka mitaa ya Lagos na Ibadan usiku kwa kazi hiyohiyo. Sauti inavutwa kwa mtindo wa wasomaji wa Qur'ani, chini yake ngoma za Kiyoruba. Vikundi vikaanza kushindana, na mashindano yakawanoa waimbaji. Humo ndimo alimokulia Sikiru Ayinde Barrister, aliyeitoa were kwenye daku akaigeuza fuji, muziki wa kumbini wa mwaka mzima. (Jina, kwa maelezo yake, alilipata kwenye bango la Mlima Fuji uwanja wa ndege.) Mimi nikisikiliza fuji bado namsikia mwamsha daku: kiitikio kifupi, watu wakitajwa majina, ngoma haipumui.

Tarawehe ni jambo jingine. Istanbul, kwa utaratibu uitwao Enderun, imamu hubadilisha maqam (mpangilio wa noti za lahani) kila baada ya rakaa nne: Isfahan, Saba, Hüseyni na kuendelea. Katikati huimbwa salawati na ilahi (nyimbo za dini) za Kituruki, sauti tupu bila ala. Nusu ya kwanza ya mwezi ilahi zinamkaribisha mgeni, yaani Ramadhani, nusu ya pili zinamuaga.

Usiku wa kuandama mwezi wa Idi, Bangladesh nzima husikia wimbo wa Kibengali alioutunga mshairi Kazi Nazrul Islam mwaka 1931. Mwimbaji Abbasuddin Ahmed aliurekodi, na santuri ikatoka 1932. Unahimiza watu watoe zaka, ushauri unaofaa hasa usiku ule, kabla furaha haijamaliza pesa mfukoni.

Ndiyo maana "Ramadan" ya mwimbaji Maher Zain ya mwaka 2013 hunipa tabu kuipangia saa. Imetoka kwa Kiingereza, Kiarabu, Kituruki na lugha nyingine, lahani ni ileile, na sauti yake nzuri, sibishi. Lakini inapigwa asubuhi dukani, inapigwa magharibi watu wakifuturu, na popote inakaa sawasawa. Wanafunzi wangu wanaipenda kwa sababu hiyohiyo.